Barua za Afisi Katika Simu Yako

Wanachama wengi wana watoto walioajiriwa mjini, na wengine wenyewe ni makarani wa makampuni. Siku hizi mtu wa namna hiyo halazimiki kurudi afisini kusoma barua. Yuko kwenye jamvi anaanua karafuu, wingu limetanda, na barua ya mnunuzi inamfika mfukoni. Faida hiyo ina masharti yake, na wengi huyakubali bila ya kuyasoma.

Seva ni mashine ya kampuni ifanyayo kazi ya posta: barua zote hufika kwake kwanza, ndipo simu huja kuziomba. Njia za kuziomba ni tatu.

Ya kwanza ni POP, ya tangu 1984. Simu huchukua barua, na mara nyingi nakala ya kwenye seva hufutwa. Simu ikitumbukia kisimani, barua zimezama nayo. Hii hatuisifu.

Ya pili ni IMAP, aliyoibuni Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Hapa barua hubaki kwenye seva. Muombe fundi wa kompyuta wa kampuni majina ya seva ya kupokelea na ya kupelekea, pamoja na namba za milango yake, ambazo kwa kawaida ni 993 na 587. Kisha fungua mipangilio ya simu, penye akaunti, ujaze. Barua zikiingia lakini hazitoki, tazama seva ya kupelekea. Huenda haikuwekewa neno la siri.

Ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike. Ni Exchange ActiveSync ya Microsoft, nayo huleta barua, kalenda na majina ya watu pamoja. Kuiunganisha ni kwepesi mno. Lakini kabla ya kumaliza, simu hukuuliza kama wairidhia seva iisimamie. Ukikubali, kampuni yaweza kukulazimisha uweke namba ya kufungulia simu, tena yaweza kuamuru kutoka mbali kwamba simu ifutwe. Kufuta huko kwaweza kuwa kufuta kila kitu: picha za harusi, namba za vibarua, hesabu ya pishi za kila mchumaji.

Kampuni ina haki yake. Simu ikiibiwa, haipendi bei zake zisomwe na mshindani. Lakini simu umeinunua kwa fedha zako.

Programu mpya zaweza kufuta akaunti ya kazi peke yake. Basi muulize fundi kabla hujabonyeza: mkifuta, mwafuta barua za kazi tu, au simu nzima? Akupe jibu kwa maandishi. Akisema nzima, weka nakala ya picha na hesabu zako mahali pengine, au soma barua katika tovuti ya afisi pasipo kuunganisha kitu. Na siku ya kuacha kazi, iondoe akaunti hiyo kwa mkono wako mwenyewe kabla hujakabidhi funguo.