GHALA LA KANDA NA AKIBA YA KIJIJI

Katika vikao vyetu vingi njaa hujadiliwa kama suala la mvua. Ikinyesha tunashukuru, isiponyesha tunaomba mahindi ya serikali. Fikra hii ina upungufu mkubwa. Chakula kinachovunwa Juni lazima kiliwe mpaka Mei ya mwaka unaofuata, na katika miezi hiyo yote yuko mtu anayekishika. Huyo ndiye mwenye nguvu juu ya wasiokuwa nacho. Kwa sababu hiyo uhifadhi na ugawaji wa chakula ni suala la siasa. Kada asiyeelewa uhusiano wa ghala la kanda na ghala la kijiji hawezi kuwaeleza wananchi kwa nini mkulima huuza gunia kwa bei ya kutupa mwezi Julai, kisha akalinunua kwa bei ya kuumiza mwezi Februari.

Ukame wa 1973 na 1974 ulitukuta bila akiba ya kutosha. Taifa lililazimika kuagiza nafaka kutoka nje kwa fedha za kigeni, wakati huo huo bei ya mafuta ikiwa imepanda duniani. Hapo ndipo ilipozaliwa Hifadhi ya Taifa ya Chakula mwaka 1976, chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa. Baada ya Sheria ya Usalama wa Chakula ya 1991 kazi hiyo iliingia wizarani, na tangu 2008 inafanywa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Maghala yake ya kanda hayakuwekwa ovyo. Makambako, Songea na Sumbawanga ziko penye ziada. Dodoma na Shinyanga ziko katika nchi kavu, ambako mvua hukosa ahadi mara kwa mara. Ghala la upande wa kwanza hukusanya, na la upande wa pili hupokea na kukaa karibu na wenye haja.

Sasa tupige hesabu, maana siasa bila hesabu ni kelele. Tuchukue gramu 400 za mahindi kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu sita itakula kilo 72 kwa mwezi. Kama miezi ya upungufu ni minne, kaya hiyo inahitaji kilo 288, yaani karibu gunia tatu. Kijiji cha kaya 300 kitahitaji gunia 900, au tani 90. Mkoa wenye vijiji 500 vya namna hiyo utahitaji tani 45,000. Kabla ya mradi wa vihenge vya chuma uliojengwa kwa mkopo wa Poland, maghala yote ya Wakala nchini yalikuwa na uwezo wa kama tani 250,000. Maana yake ni kwamba mikoa sita tu ikikauka kwa pamoja, maghala ya Taifa, hata kama yamejaa mpaka dari, yangekuwa matupu kabla ya mavuno. Mradi ule ulikusudiwa kuongeza uwezo kwa kiasi kama hicho hicho. Ni hatua kubwa, lakini haibadili kiini cha hoja: ghala la kanda halikujengwa lichukue nafasi ya kihenge cha mwananchi. Likibebeshwa mzigo huo litaanguka.

Kazi yake hasa ni nyingine. Kijiji chenye ghala lake, ambacho kila kaya imeweka humo gunia moja wakati wa mavuno, kinaweza kuvuka mwaka wa kawaida bila kumpigia mlanguzi magoti. Kinachokiangusha ni mwaka wa pili wa ukame, wakati akiba imekwisha na hakuna cha kurudishia. Hapo ndipo ghala la kanda linapoingia. Kwa kawaida halmashauri huomba, tathmini hufanywa, kisha mahindi hutolewa, mengine kwa bei nafuu na mengine bure kwa wasiojiweza. Tani 30 zikiongezwa juu ya tani 60 za kijiji zinatosha. Tani hizo 30 zikiletwa mahali pasipo na kitu zitaliwa kwa siku arobaini, halafu mlanguzi atarudi na mizani yake.

Faida nyingine haionekani upesi. Nafaka haikai milele, kwa hiyo ghala la kanda hulazimika kutoa ya zamani na kununua mpya. Likitoa sokoni mwezi Januari, bei hushuka hata kwa yule asiyepokea kilo moja ya msaada. Mfanyabiashara aliyeficha gunia zake akingojea Machi hulazimika kuzifungua.

Hatuna budi kukiri kosa la zamani. Katika miaka ya 1970 bei moja ya mahindi kwa nchi nzima iliwapa moyo wakulima wa Ruvuma na Rukwa, na nia yake ilikuwa haki. Lakini gharama za kusafirisha zilibebwa na Shirika, na madeni yakalielemea. Zaidi ya hayo, baada ya vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, kijiji kiligeuzwa kituo cha kununulia. Mahindi yalipita tu, hayakubaki. Tulijenga njia ya kutoka kijijini kwenda kanda tukasahau ya kurudi.

Njia hiyo ya kurudi inahitaji uangalifu. Dumuzi, ambaye wananchi walimwita Skania, aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wanaamini aliletwa na mahindi kutoka Amerika. Tangu hapo desturi ya kuhifadhi mahindi katika magunzi imekuwa hatari: anakula punje, anakula makopa, anatoboa hata mbao. Mahindi yapukuchuliwe, yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, yachanganywe na dawa, ndipo yaingie ghalani. Ghala la kanda lina vipimo na wataalamu. Kijiji mara nyingi hakina hata mizani ya kuaminika. Ajabu ni kwamba tunapeleka malori ya mahindi mahali ambapo hatujawahi kupeleka kipima unyevu kimoja.

Liko pia suala la orodha. Ghala la kanda linajua tani, halijui nani ana njaa. Hilo linajulikana na mkutano mkuu wa kijiji, ambako jirani anamfahamu jirani. Majina yasomwe hapo hadharani, mjane na mzee wakiwepo, na jina la ndugu wa mwenyekiti lisomwe kwa sauti ile ile. Na kazi hii ifanywe Septemba, barabara zikiwa kavu, kwa sababu orodha inayopelekwa Februari hukutana na lori lililokwama.