Udongo Wako Ulizaliwa na Moto

Ndugu mkulima, kabla hujauza shamba lako kwa sababu halizai, nakuomba usome habari hii mpaka mwisho.

Mimi si Bwana Shamba. Mimi ni karani tu katika ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni kuandika barua, kupanga majalada na kupokea wageni. Lakini nilisomea ualimu kabla ya kuja hapa, na mwalimu hata akiacha chaki, haachi hamu ya kueleza mambo. Basi nitakueleza jambo nililoliona mezani pangu.

MAKOPO MAWILI

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, mzee mmoja kutoka skimu ya Kinangop aliingia ofisini akiwa na makopo mawili ya udongo. Aliyaweka juu ya meza, akapangusa uso, akasema, "Karani, nataka kuuza shamba. Niambie naanzia wapi."

Nilimpa kiti nikamwuliza kisa chake. Baba yake aligawiwa shamba hilo katika miaka ya 1960, wakati mashamba makubwa ya walowezi yalipokatwa na wananchi wakapewa kwa mkopo. Baba alilipa mkopo huo kwa maziwa na pareto mpaka akaumaliza. Sasa mwana analima viazi, na viazi vinaoza. Shemeji yake, ambaye shamba lake liko juu kidogo kuelekea milima ya Nyandarua, hupanda mbegu ileile, juma lilelile, na mbolea iliyonunuliwa duka moja. Shemeji huvuna magunia. Yeye huvuna maji.

"Kopo hili ni udongo wake, na hili ni wangu," akasema. "Nimechimbua chini kama urefu wa mkono. Wengine wanasema shamba langu lina laana. Wewe umesoma, niambie."

Sikuwa na jibu. Bwana Shamba alipofika alichukua msumari, akatoboa matundu chini ya kila kopo, akamimina kikombe kimoja cha maji katika kila moja. Tukanywa chai. Kabla chai haijaisha, maji ya kopo la shemeji yalikuwa yameshuka yote sakafuni. Katika kopo la mzee, maji yalisimama juu ya udongo kama maji ndani ya sufuria.

"Mzee wangu," Bwana Shamba akamwambia, "hapa hakuna laana. Udongo huu na ule ni watoto wa moto mmoja. Tofauti yao ni malezi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike habari hii.

MOTO ULIO CHINI YETU

Chini sana ya ardhi, mwamba una joto kali mno, na mahali pengine huyeyuka ukawa kama uji mzito. Uji huo ukipata ufa hupanda juu. Ukitoka nje huitwa zaha, au lava kama wengi wanavyosema. Maji huchemka kwa digrii 100, lakini zaha nyingi hutoka zikiwa na joto la digrii 1,000 na zaidi.

Huku kwetu ufa ni mkubwa. Bonde la Ufa ni mahali ambapo ardhi ya Afrika inavutwa pande mbili, ikiachana kidogo kidogo, milimita chache tu kwa mwaka. Kwa mamilioni ya miaka moto umepita hapo. Mlima Elgon, Mlima Kenya, Nyandarua, Longonot, Suswa na Menengai, yote ilijengwa na moto huo, tabaka juu ya tabaka.

Lakini moto haujengi kwa njia moja. Kuna zaha nyepesi inayotiririka kama maji. Mlima Nyiragongo, ulioko Kongo, una zaha ya namna hiyo. Tarehe 10 Januari 1977 si siku ya wazee peke yao kuikumbuka: katika mwezi kama huo, yaani tarehe 17 Januari 2002, zaha ilishuka tena kutoka mlima huo, ikapita katikati ya mji wa Goma, ikateketeza nyumba na maduka, ikaishia ziwani Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena ikafika pembeni mwa mji. Watu wa Goma wamerudi, na leo mawe yale yale meusi ndiyo wanayojengea kuta zao.

Kuna na zaha nzito yenye gesi nyingi ndani yake. Hiyo haitiririki kwa urahisi. Hukwama kooni mwa mlima mpaka gesi inapopasuka kwa kishindo na kuirusha hewani, nayo huanguka kama majivu na vijiwe vyepesi vyenye matundu kama mkate. Menengai, juu ya mji wa Nakuru, ulifanya hivyo maelfu ya miaka iliyopita. Ulitapika majivu mengi hata tumbo lake likabaki tupu, na kilele kikaporomoka ndani kama paa lililoondolewa nguzo. Kasoko lililobaki lina urefu wa karibu kilomita 12 na upana wa karibu kilomita 8.

Uwanda wa Kinangop nao kwa sehemu kubwa ni majivu ya zamani, yaliyorundikana na kushikana yakawa mwamba. Ukisimama ukingoni ukatazama Longonot kule chini, ujue umesimama juu ya jivu.

JIWE HALIGEUKI UDONGO KWA SIKU MOJA

Sasa sikiliza jambo ambalo mkulima hapaswi kulisahau. Zaha ikipoa si shamba. Ni jiwe.

Ukienda Tsavo Magharibi, karibu na vilima vya Chyulu, utaona mahali panapoitwa Shetani. Ni zaha nyeusi iliyoganda, na umri wake hukadiriwa kwa mamia ya miaka, si maelfu. Mpaka leo sehemu kubwa ni mawe matupu. Hapa kuna ukoga kidogo, pale kuna kichaka kilichopata ufa wa kushikilia mizizi. Huwezi kupanda hata mche mmoja wa kabeji. Ndani ya kasoko la Menengai pia kuna zaha za namna hiyo, zenye makali ya kukata viatu.

Ili jiwe liwe udongo, lazima mvua ilinyeshee, jua lilipasue, mizizi ipenye, majani yaoze, na wadudu wachanganye. Kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka. Majivu huwahi kidogo, kwa kuwa yamekwisha kusagwa na moto wenyewe, lakini nayo yanahitaji muda mrefu.

Kazi ikikamilika, faida ni kubwa. Ndani ya mawe haya mna chumvi nyingi ambazo mimea huzipenda. Chuma kilichomo hushika kutu, na ndiyo sababu udongo wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Meru ni mwekundu. Kahawa na majani ya chai ya nchi yetu vinasimama juu ya zaha iliyooza.

KWA NINI MAKOPO HAYAFANANI

Turudi kwa mzee wetu. Ikiwa moto ni mmoja, mbona makopo yalitofautiana?

Jibu ni maji. Penye mteremko mvua hupita, udongo hupata hewa, nao huwa wa kahawia au mwekundu, wenye kumeguka vizuri mkononi. Shamba la shemeji liko hivyo. Penye tambarare maji hayana pa kwenda. Husimama, na kwa miaka mingi huacha chini tabaka la mfinyanzi mgumu, na juu yake udongo wa kijivu usio na nguvu. Mvua ikija, maji hushuka mpaka kwenye mfinyanzi yakakwama. Mizizi ya viazi haifi kwa njaa. Hufa kwa kukosa pumzi, kama mtu aliyezama.

Kwa hivyo mzee alipozidi kuongeza mbolea alikuwa akimpa chakula mtu aliye chini ya maji.

TAZAMA SHAMBA LAKO, KISHA UTENDE

Chimba shimo la futi mbili katika shamba lako, utazame ukuta wake. Halafu ufuate mashauri haya.

Kama udongo wako ni wa tambarare, una mfinyanzi chini na maji husimama: usinunue mbolea zaidi kabla hujayaondoa maji. Chimba mitaro ya kuyatoa polepole mpaka kwenye mkondo wenye nyasi. Panda viazi na kabeji juu ya matuta mapana yaliyoinuliwa. Usilime wala kupitisha ng'ombe udongo ukiwa umelowa, maana utaushindilia kama sakafu. Tia samadi kila mwaka. Na pale panapolowa kuliko pote, acha nyasi za ng'ombe. Si kila pembe ya shamba ilikusudiwa jembe.

Kama udongo wako ni mwekundu na wa mteremko: adui yako ni maji yaendayo mbio. Lima kwa kukingama mteremko. Chimba makinga maji ya fanya juu, yaani udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, kisha panda nyasi juu ya ukingo. Tena ujue kwamba udongo mwekundu hushika fosfeti kama bahili ashikavyo fedha. Ukimwaga mbolea shambani kote, udongo utaificha na mmea hautaiona. Itie kwenye shimo au mfereji wa kupandia, pamoja na samadi, uichanganye na udongo kidogo isiguse mbegu. Na usikisie tu. Peleka udongo ukapimwe, maana mwingine huwa mchachu nao huhitaji chokaa.

Kama udongo wako ni jivu jepesi, kama ule wa Naivasha, Gilgil na Mai Mahiu: unalimika kwa urahisi, lakini unachukuliwa kwa urahisi vilevile. Mnamo Machi 2018, mvua kubwa ilifunua ufa mrefu karibu na Mai Mahiu, ukakata barabara ya kwenda Narok, na watu wengine wakahama nyumba zao. Wako waliosema Afrika imepasuka kwa usiku mmoja. Wataalamu wengi wa miamba walieleza kwamba nyufa za namna hiyo ni za zamani, zimejazwa majivu, na maji ya mvua huyasomba majivu hayo. Basi ukiona shimo linalodidimia shambani mwako, usielekeze maji huko, usijenge karibu, na utoe habari.

Ukidhani mvua ni kitu kidogo, tazama Mlima Kenya. Kilele cha Batian, chenye mita 5,199, ni mwamba ulioganda ndani ya koo la volkeno. Mlima wenyewe uliolizunguka koo hilo ulikuwa mrefu zaidi, lakini barafu na maji vimeula. Kama maji yameweza kuuvua mlima ule nguo zake, yatashindwaje na shamba lako la ekari kumi?

NENO JUU YA MAJI YA VISIMA

Moto huo ulituachia na jambo jingine la kuangaliwa. Katika Bonde la Ufa maji mengi ya visima virefu hupita katika miamba ya volkeno na kuchukua floraidi. Ikizidi, meno ya watoto hutokea na madoa ya kahawia yasiyofutika, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa nayo huumia. Shirika la Afya Duniani linashauri isipite miligramu 1.5 katika lita moja. Kuchemsha maji hakuiondoi. Pima maji ya kisima chako, na kama yamezidi, wape watoto maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, au yaliyochujwa kwa makaa ya mifupa.

MZEE AMERUDI

Mwaka uliofuata yule mzee alikuja tena ofisini. Safari hii hakubeba makopo, alibeba viazi katika kikapu. Hakusema amekuwa tajiri. Alisema amechimba mitaro mitatu pamoja na wanawe, ameinua matuta katika ekari moja tu, na ekari hiyo haikuoza. Sehemu ya chini ameiachia nyasi, na ng'ombe wake wawili wanaila. Mwaka huu ataongeza ekari ya pili.

Nilimwuliza kama bado anataka ile habari ya kuuza. Alicheka. "Karani," akasema, "baba alililipia shamba hili miaka mingi. Nami nilikuwa karibu kulitupa kwa sababu ya mitaro mitatu."

Ndugu mkulima, moto ulifanya sehemu yake zamani, na mvua na majani yakamaliza kazi kwa maelfu ya miaka. Udongo huo ulio mbele ya mlango wako hauwezi kutengenezwa tena katika maisha yako, wala ya wajukuu wako. Lakini waweza kupotea kwa masika machache tu. Mvua ijayo isikukute bado unafikiri. Chukua jembe, chimba lile shimo la futi mbili, utazame.