Kibuyu Kilitangulia

Asubuhi yangu ya kwanza kwenye boma moja karibu na Katesh, chini ya Mlima Hanang, nilipewa kikombe kikubwa cha bati kilichojaa maziwa. Yalikuwa yamekamuliwa alfajiri na kuchemshwa vizuri, utando wa mafuta ukielea juu. Nikayanywa yote. Kabla ya saa nne tumbo lilijaa gesi, likaanza kunisokota, na nikaharisha mpaka mchana.

Bibi mwenye boma aliniuliza nimekulia wapi. Nikamwambia Pangani.

"Mlikuwa na ng'ombe?"

"Hapana, bibi. Kwetu ni samaki na nazi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupata jibu. Jioni alinimiminia maziwa mengine kutoka kwenye kibuyu: mazito, machachu, yenye harufu ya moshi. Nilisita. "Kunywa, mwanangu," alisema, "haya hayana neno." Kweli hayakuwa na neno. Nililala usingizi mzuri.

Tofauti ya vikombe vile viwili ina historia ya maelfu ya miaka, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa hapa hapa Afrika Mashariki, ndani ya miili yetu.

Maziwa yana sukari yake, laktosi. Ni kubwa mno kupenya ukuta wa utumbo mwembamba, kwa hiyo lazima ikatwe vipande viwili kwanza. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Mtoto mchanga huzaliwa nacho tele, sawa na ndama, mwanambuzi na mtoto wa paka. Akishaachishwa ziwa, mwili huanza kupunguza utengenezaji wake, kwani kwa mnyama yeyote anyonyeshaye maziwa ni chakula cha utotoni tu. Mkubwa asiye na laktasi ya kutosha akinywa maziwa, sukari hupita nzima hadi utumbo mpana. Huko huvuta maji, na bakteria huishambulia na kutoa gesi. Hayo ndiyo yaliyonipata Katesh.

Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu wakiaibishwa mezani, wakiambiwa wana tumbo bovu au wanadeka. Tumbo lao si bovu. Ndilo tumbo la kale la binadamu. Waliobadilika ni wale wanaokunywa lita nzima wakaenda zao kuchunga.

Wamebadilikaje? Mwaka 2002 watafiti waliochunguza familia za Finland waligundua kwamba wanaomeng'enya maziwa ukubwani wana herufi moja tofauti katika vinasaba vyao. Herufi hiyo haimo ndani ya jeni ya laktasi yenyewe. Iko umbali wa herufi 13,910 kabla ya jeni hiyo, mahali panapofanya kazi kama swichi, na badiliko lake huifanya swichi isizimike mtoto anapokua. Wengi walidhani sasa fumbo limekwisha. Lakini ilipotafutwa kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, wanaoishi kwa maziwa, herufi ile ya Finland karibu haikuonekana kabisa.

Mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff wa Marekani, pamoja na wenzake akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, wakaenda kuuliza matumbo yenyewe. Walipima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Kipimo kilikuwa rahisi kiasi cha kufanyika kijijini. Mtu anafika hajala, anapewa maji yaliyokorogwa laktosi nyingi, sawa na lita moja mpaka mbili za maziwa. Kisha anachomwa kidole kila baada ya dakika 20 kwa muda wa saa nzima. Sukari ya damu ikipanda, laktasi ipo. Isipopanda, haipo, na nawahurumia waliogundua hivyo kwa njia ile.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Wengi wa Kenya na Tanzania waliomeng'enya vizuri walikuwa na badiliko lao wenyewe, kwenye herufi ya 14,010. Ni hatua 100 tu kutoka ile ya Finland, kwenye swichi ile ile, lakini ni badiliko jingine kabisa, lililotokea bara jingine kwa watu wengine. Umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800. Huko Sudan yakapatikana mengine tena.

Hapa ndipo watu wengi huelewa mageuko ya viumbe kinyume. Hakuna aliyejizoeza kunywa maziwa mpaka mwili ukakubali, kisha akamrithisha mwanawe mazoea hayo. Kila mtoto akitungwa, vinasaba vinanakiliwa, na katika kunakili herufi chache hukosewa. Makosa mengi hayana faida wala hasara. Hili moja lilimwangukia mtu aliyekuwa na ng'ombe. Mwaka wa ukame, visima vikikauka na nafaka ikiisha, mwenye kosa hilo angeweza kupata maji na nguvu kutoka kwenye kiwele bila kuharisha, huku jirani yake akipoteza maji aliyokuwa nayo. Watoto wake wakipona kwa wingi kidogo kuliko wa jirani, kizazi baada ya kizazi, herufi inasambaa. Ilisambaa kwa kasi ambayo wanasayansi wameihesabu miongoni mwa kubwa zaidi kwa binadamu, na ikasafiri na wafugaji hadi Afrika Kusini, ambako Waxhosa wanayo leo.

Lakini swali lililonisumbua baada ya Katesh lilikuwa hili: kabla herufi haijasambaa, watu walikunywaje?

Kwamba walikunywa tunajua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipata protini za maziwa kwenye ugaga ulioganda katika meno ya watu wa kale wa Sudan na Kenya, wa zamani zaidi wakiwa wa takriban miaka 6,000 iliyopita. Vigae vya vyungu vya wafugaji wa Kenya na Tanzania navyo vimekutwa na mafuta ya maziwa yaliyopenya kwenye udongo. Ila mwaka 2019, vinasaba vilipochukuliwa kutoka mifupa ya watu 41 wa kale wa nchi hizi mbili, ni mmoja tu aliyeonekana kuwa na herufi ya 14,010. Alizikwa miaka kama 2,000 iliyopita katika pango la Gishimangeda, kaskazini mwa Tanzania. Karne nyingi za maziwa, na laktasi ya ukubwani karibu haipo.

Naamini jibu nililishika mkononi jioni ile. Maziwa yakigandishwa, bakteria huila sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, ule uchachu tunaoupenda kwenye mtindi. Tumbo linapokea mzigo uliokwisha kupunguzwa. Kibuyu kinafanya sehemu ya kazi ya jeni, na Wakalenjin wenye mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, wanalijua hilo vizuri kuliko kitabu chochote.

Kesho yake niliamka mapema nimtazame bibi. Alichukua kijinga cha moto, akakitumbukiza ndani ya kibuyu, akasugua kuta taratibu huku moshi ukitoka shingoni, akakung'uta vipande vya mkaa. Ndipo akamimina maziwa yaliyopoa na kufunika. Kisha akatayarisha vikombe viwili: cha mjukuu wake kutoka kwenye sufuria, na changu kutoka kwenye kibuyu cha juzi.