Nywele Zinaponyonyoka: Kazi ya Homoni na Tahadhari ya Dawa

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kupitia kamati za afya za parokia, limo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kikao kikishafungwa. Ni swali la nywele. Mama aliyejifungua hivi karibuni anaona nywele zinabaki kwenye kitana. Kijana ambaye hajaoa anaona paji la uso linazidi kupanda. Binti anaota ndevu, na kila asubuhi anazinyoa kabla hajatoka nje. Wengi wao wanapofika kwetu wameshanunua chupa mbili tatu za dawa ambazo hawajui zimetengenezwa kwa kitu gani. Tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu baadhi ya dawa hizo haziishii kichwani. Huingia mwilini, na nyingine zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni au anayebebwa kifuani.

Kwanza tuelewe nywele zenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kila moja huota kutoka kwenye kifuko chake kidogo ndani ya ngozi. Kifuko hicho hufanya kazi kwa zamu. Nywele ya kichwani hukua kwa muda wa miaka 2 hadi 6, kisha hupumzika kwa miezi kama mitatu, halafu hudondoka na nyingine kuanza. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Nyusi hukua kwa miezi michache tu, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuzisuka.

Sasa tuje kwenye homoni. Watu wengi hushangaa kumwona mzee mwenye ndevu nyingi na kifua kilichojaa nywele, lakini utosini hana kitu. Hudhani kuna kasoro. La hasha, vyote viwili vinatokana na homoni moja. Mwili hutengeneza homoni ya kiume iitwayo testosteroni, kisha kimeng'enya fulani huigeuza kuwa nyingine yenye nguvu zaidi, ambayo waganga huiita kwa kifupi DHT. Kijana anapobalehe, DHT hufika kwenye kidevu na kifua na kuyafanya malaika laini yawe nywele nene na nyeusi. Lakini kwa mtu aliyerithi mwelekeo wa upara, homoni hiyo hiyo ikifika kwenye vifuko vya utosini na vya mbele ya kichwa huvifanya visinyae. Kila zamu nywele hutoka nyembamba na fupi zaidi, mpaka inabaki kama malaika ya mtoto. Vifuko vya kisogoni na vya pembeni haviijali kabisa, na ndiyo maana wazee wenye upara hubaki na nywele kama pete kuzunguka kichwa. Nywele za kwapani huhitaji homoni kidogo tu, hivyo wasichana nao huziota. Nyusi na kope haziisubiri homoni hiyo.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka mahali ambapo wengi wasingepatazamia. Tangu zamani ilijulikana kuwa matowashi hawapati upara. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani James B. Hamilton alichapisha uchunguzi wake juu ya wanaume waliopoteza korodani kabla ya kubalehe. Hawakuwa na upara, lakini walipopewa testosteroni, wale ambao ukoo wao ulikuwa na upara walianza kupoteza nywele. Urithi peke yake haukutosha, na homoni peke yake haikutosha. Kisha mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za familia fulani katika Jamhuri ya Dominika, ambamo baadhi ya wavulana walizaliwa bila kimeng'enya tulichokitaja. Walipokua walikuwa na ndevu chache, tezi dume ndogo, na upara haukuwapata.

Kutokana na elimu hiyo ikatengenezwa finasteridi, dawa inayozuia kimeng'enya hicho. Mwaka 1992 ilianza kutumika Marekani kwa wazee wenye tezi dume iliyotanuka, kwa kidonge cha miligramu 5, na mwaka 1997 ikaruhusiwa kwa upara wa wanaume kwa miligramu 1. Huzuia nywele zisiendelee kupungua, na kwa wengine hurudisha kiasi, bila kubadilisha kwa namna ya kuonekana nywele za sehemu nyingine za mwili. Hata hivyo, ina gharama zake. Baadhi ya wanaume hupungukiwa na hamu au nguvu za kiume, na mwaka 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kuwa mawazo ya kutaka kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Mke wa mtu anayeitumia, ikiwa ana mimba au anatarajia kupata, asishike vidonge vilivyovunjika, maana dawa inaweza kuharibu ukuaji wa via vya uzazi vya mtoto wa kiume. Katika nyumba ambamo dawa zote hukaa kwenye kikopo kimoja juu ya kabati, onyo hili si dogo.

Dawa ya pili, minoksidili, ina historia ya ajabu kidogo. Ilikuwa ya shinikizo la damu, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1979 kama kidonge, na waganga wakagundua kuwa wagonjwa wao wanaota nywele usoni, mikononi na mgongoni. Ndipo wakafikiri kuipaka kichwani, na mwaka 1988 ikaruhusiwa kwa matumizi hayo. Haigusi homoni. Huamsha kifuko kilichopumzika na kurefusha muda wake wa kukua, na haichagui ni kifuko cha wapi. Mwanamke anayeipaka jioni kisha akalala ubavu huweza kuona malaika yakikolea shavuni, kwa kuwa dawa imepitia kwenye mto. Wiki za kwanza nywele huweza kudondoka zaidi, na watu wengi huacha hapo kwa hofu. Akiacha baadaye, zilizoota hupotea katika miezi michache, kwa hiyo mwenye kuianza ajue kuwa ni gharama ya kila mwezi kwa miaka.

Jinsi dawa hii isivyojua mipaka ilionekana nchini Hispania mwaka 2019. Minoksidili iliwekewa kimakosa lebo ya dawa ya tumbo, na watoto wachanga wasiopungua 17 waliopewa wakaota nywele mwili mzima. Dawa iliposimamishwa, nywele zikaondoka. Mwaka 2024 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walitaka liongezwe onyo jingine, baada ya watoto wachanga kuota nywele kwa kugusana na ngozi ya wazazi waliojipaka. Sisi ambao watoto wetu hulala mgongoni na kifuani mwa mama tuna sababu zaidi ya kulisikiliza.

Baada ya hayo yote, ni lazima tuseme kuwa wengi wanaonunua chupa hizo hawana upara wa homoni ya kiume hata kidogo. Mama aliyejifungua, kwa mfano. Wakati wa ujauzito homoni za kike huzuia nywele zisidondoke kwa zamu yake. Akishajifungua homoni hushuka, na zile zilizokuwa zikisubiri hudondoka pamoja, kwa kawaida kati ya mwezi wa pili na wa nne. Mtoto anapokaribia kutimiza mwaka, nyingi huwa zimerudi zenyewe. Homa kali nayo hufanya hivyo hivyo. Huyu anahitaji kuelezwa na kula vizuri, na apimwe damu ikiwa amepungukiwa. Chupa haihitaji.

Mwingine ni yule ambaye nywele zimeisha pembezoni mwa paji na juu ya masikio. Hapo mwenye kosa ni msuko uliokazwa, au rasta nzito. (Lugha yetu nayo inatupotosha: tunasema 'kuweka dawa' tukimaanisha kemikali ya kulainisha nywele, ambayo haitibu chochote na huweza kuunguza ngozi.) Msuko ukilegezwa mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, kifuko hugeuka kovu, na kwenye kovu hakuna dawa inayootesha. Vivyo hivyo utosi unaouma, unaowasha au unaong'aa kwa mwanamke usisubiriwe.

Halafu kuna mapunye ya watoto. Ni fangasi walioingia ndani ya nywele, hivyo dawa ya kupaka peke yake haiwafikii. Mtoto huhitaji vidonge, kama griseofulvini, vinavyotolewa na mganga kwa wiki kadhaa, vikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Kamati zinazopanga fedha za zahanati zikilazimika kuchagua, tungeshauri zinunue vidonge hivi kabla ya sabuni na mafuta ya aina yoyote.

Kuhusu binti mwenye ndevu, tunawaomba wajumbe wasimpeleke kwa mwuza krimu. Ndevu zikiandamana na hedhi isiyo na mpangilio, mara nyingi ni dalili kwamba ovari zinatoa homoni ya kiume kupita kiasi. Hali hiyo inatibika, na isipoangaliwa huweza kuzuia mimba na kuleta kisukari. Ndevu na sauti nzito zikitokea ghafla, aonwe haraka zaidi.

Anayekwenda kwa mganga abebe kila chupa na kila kidonge anachotumia, hata kama lebo imechanika. Maofisa waliosomea magonjwa ya ngozi katika kituo cha kanda kilichopo KCMC, Moshi, wapo katika hospitali mbalimbali, na ndio wa kuulizwa kwanza. Mzee anayekwenda kupimwa tezi dume asisahau kutaja finasteridi hata kama aliimeza kwa ajili ya nywele tu, kwa sababu hushusha kipimo cha damu cha tezi hiyo kwa karibu nusu, na saratani inaweza kupita bila kuonekana.