Gesi ya Castle Vale: kutoka Bahari ya Kaskazini hadi melini

Katika mtaa wa Castle Vale, kaskazini mashariki mwa mji wa Birmingham nchini Uingereza, gesi ya kupikia na kupasha nyumba joto huingia kwa bomba lililofukiwa ardhini, na mwenye nyumba haoni imetoka wapi. Mwaka 2000 jibu lilikuwa jepesi: ilitoka chini ya Bahari ya Kaskazini, katika maji ya Uingereza yenyewe. Tangu wakati huo jibu limebadilika. Takriban nusu ya gesi inayotumiwa nchini humo sasa hununuliwa ng'ambo, kwanza kutoka Norway kwa mabomba ya baharini, kisha kwa meli kutoka Marekani, Qatar na kwingineko.

Castle Vale ulijengwa katika miaka ya 1960 juu ya uwanja wa zamani wa ndege wa Castle Bromwich, jirani na kiwanda kilichounda zaidi ya ndege 11,000 za kivita aina ya Spitfire wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ulikuwa na majumba marefu 34 ya ghorofa. Majumba hayo yalichakaa upesi, na kuanzia mwaka 1993 chombo maalumu cha kuujenga upya mtaa huo kiliyabomoa yote isipokuwa mawili.

Birmingham haikuanza jana kujuana na gesi. Mhandisi William Murdoch, aliyeajiriwa na kampuni ya Boulton na Watt, aliwasha taa za gesi katika kiwanda cha Soho mjini humo mwishoni mwa karne ya 18. Gesi hiyo haikuchimbwa, bali ilitengenezwa kwa kuchoma makaa ya mawe ndani ya matanuri yaliyofungwa. Mwaka 1875 meya Joseph Chamberlain aliyafanya makampuni ya gesi kuwa mali ya mji, na faida yake ikasaidia kuuendeleza.

Masalia ya makaa yaliyokwisha kutolewa gesi yaliuzwa kama nishati pia. Lundo moja la masalia hayo, katika bohari ya Saltley, kilomita chache tu kutoka Castle Vale, liliingia katika historia tarehe 10 Februari 1972. Wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa katika mgomo, na maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya Birmingham wakaandamana kuwaunga mkono, hata polisi wakaona heri kuyafunga malango ya bohari. Serikali ya waziri mkuu Edward Heath ililazimika kuwapa wachimbaji sehemu kubwa ya madai yao. Anayedhani siasa za nishati zilianza na vita vya Ukraine akumbuke malango hayo.

Wakati huo gesi ya makaa ilikuwa tayari inaaga. Mwaka 1965 kampuni ya BP iligundua gesi asilia katika eneo la West Sole, kwa kutumia mtambo wa kuchimbia ulioitwa Sea Gem. Furaha haikudumu: mwezi Disemba mwaka huohuo mtambo uliporomoka na kuzama, na watu 13 wakapoteza maisha. Hata hivyo gesi ilifika nchi kavu mwaka 1967. Kwa kuwa gesi asilia ina joto takriban maradufu ya ile ya makaa, majiko ya zamani hayakuweza kuitumia bila kurekebishwa. Mafundi wakapita nyumba kwa nyumba, nchi nzima, kwa miaka kumi, wakibadilisha vichomeo. Manufaa hayakuwa ya fedha tu, kwani gesi ya makaa ilikuwa na sumu iliyoua watu wengi majumbani.

Gesi iliyo chini ya bahari hukaa ndani ya mwamba wenye vitundu vidogo, na husukumwa nje na shinikizo lake yenyewe. Kila inapotolewa shinikizo hupungua, na kisima huanza kutoa kidogo zaidi kwa gharama ileile, au kubwa zaidi, ya kuendesha mtambo. Uzalishaji wa Uingereza ulifikia kilele mwaka 2000, kwa zaidi ya mita za ujazo bilioni 100. Mwaka 2004 nchi hiyo ikawa mnunuzi zaidi ya muuzaji. Kufikia mwaka 2023 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu theluthi moja ya kilele. Leseni mpya zingeweza kupunguza kasi ya mteremko, lakini maeneo makubwa yaligunduliwa zamani na kutumiwa kwanza.

Pengo lilizibwa kwa ujenzi. Bomba la Langeled, lenye urefu wa kilomita 1,166, lilianza kuleta gesi ya Norway hadi Easington, kwenye pwani ya mashariki. Bandari ya Milford Haven huko Wales ilianza mwaka 2009 kupokea gesi ya kimiminika, yaani gesi iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ikasinyaa mara mia sita na kuweza kupakiwa melini. Kwa kweli biashara hii ni ya zamani: Uingereza ilikuwa ikinunua gesi ya kimiminika ya Algeria tangu mwaka 1964, kabla haijachimba yake.

Hapa ndipo linapozuka swali ambalo wengi hujiuliza. Mwaka 2021 gesi ya Urusi ilikuwa chini ya asilimia 5 ya mahitaji ya Uingereza. Mbona basi vita vya Ukraine viliwaunguza wakaazi wa Birmingham?

Jibu ni kwamba gesi ya Bahari ya Kaskazini si mali ya anayeitumia. Ni ya makampuni yaliyoichimba, nayo huiuza kwa bei ya soko. Ujerumani ilipokosa gesi ya Urusi, ilitafuta shehena zilezile ambazo Uingereza ilizihitaji, na bei ikapanda kwa wote, pamoja na gesi iliyochimbwa umbali mfupi kutoka pwani ya Kiingereza. Bei ya umeme ilifuata, kwa sababu mara nyingi mitambo ya gesi ndiyo inayoamua bei hiyo. Kikomo cha gharama kwa nyumba ya kawaida, kilichokuwa pauni 1,277 kwa mwaka mwezi Oktoba 2021, kilipangwa kufika 3,549 mwaka mmoja baadaye, hadi serikali ilipoingilia kati na kukishusha hadi 2,500 kwa fedha za walipa kodi. Isitoshe, ghala kubwa la gesi la Rough, chini ya bahari, lilikuwa limefungwa mwaka 2017. Lilifunguliwa tena kwa sehemu tu mwaka 2022.

Waliobanwa zaidi ni wenye mita za kulipia kabla, ambazo msikilizaji wa Tanzania angezilinganisha na Luku. Salio likiisha, boila huzima, na hakuna barua ya onyo. Mwezi Februari 2023, baada ya malalamiko kuwa nyumba za wasiojiweza zilikuwa zikiingiliwa kwa nguvu ili kuwekwa mita hizo, msimamizi wa sekta, Ofgem, aliyataka makampuni yasitishe mtindo huo.

Norway nayo ilichimba bahari hiyohiyo, lakini kuanzia mwaka 1990 ikajenga mfuko wa akiba wa taifa kwa mapato ya mafuta na gesi. Uingereza haikufanya hivyo. Kodi za bahari yake ziliingia katika matumizi ya kila mwaka. Si haki kuwalinganisha moja kwa moja, kwani Norway ina watu milioni tano na ushei tu, lakini tofauti inaonekana.

Shehena zinazotafutwa sasa zinagusa pia pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi Novemba 2022 mtambo unaoelea wa Coral Sul, nje ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, ulisafirisha shehena yake ya kwanza, na mnunuzi wa gesi yake yote ni BP, ileile ya West Sole. Upande wa Tanzania, mradi wa Lindi unaongozwa na Equinor ya Norway na Shell. Hadi mwaka 2025 uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulikuwa haujatolewa.