Nzwani Imejaa, Watu Wanavuka

Sensa ya 2017 ilihesabu watu 758,316 katika visiwa vitatu vya Muungano wa Komoro: Ngazija 379,367, Nzwani 327,382 na Mwali 51,567. Ukigawanya idadi hiyo kwa eneo la nchi nzima unapata watu 400 na ushei kwa kilomita ya mraba. Wastani huo unaficha jambo zito. Nzwani ina kilomita za mraba 424 tu, hivyo kila moja ilibeba watu wapatao 770, tena katika kisiwa ambacho sehemu yake kubwa ni miteremko mikali.

Mbona Ngazija, kilicho kikubwa zaidi, hakikujaa vivyo hivyo? Jibu liko ardhini. Ngazija ni kichanga kwa umri wa miamba; volkano yake, Karthala, yenye kimo cha mita 2,361, ingali hai. Mvua ikinyesha, maji huzama moja kwa moja kwenye mawe yenye vitundu, na kisiwa hakina hata mto mmoja wa kudumu. Watu hukinga maji ya mapaa. Nzwani ni kikongwe zaidi, udongo wake umeiva, na mito yake ilimvuta mkulima tangu zamani.

Wakati wa ukoloni mashamba makubwa yalitwaa ardhi nzuri ya chini, wanakijiji wakasukumwa kulima milimani. Vizazi vikaongezeka, misitu ikafyekwa, na kuni nyingi zikateketea katika kukeneka mafuta ya langilangi yanayouzwa ng'ambo kwa watengeneza manukato. Leo mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima hukauka kiangazi. Maji yaliyowakusanya watu yanapungua, nao watu wanazidi: utafiti wa afya wa 2012 ulikuta wastani wa watoto 4.3 kwa kila mwanamke nchini.

Vijana wa Nzwani hufanya nini? Wengine huenda Ngazija, wengine Ufaransa, hasa Marseille, na fedha wanazotuma huendesha kaya nyingi. Wasio na njia hupanda kwasakwasa, mashua ndogo za injini, kuelekea Maore, kilomita 70 hivi, kisiwa kilichobaki chini ya Ufaransa Komoro ilipojitangazia uhuru 1975. Tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, safari ya kumtembelea shangazi imekuwa safari ya kufa, na waliozama hawana idadi kamili. Inauma. Na huko nako kumejaa: sensa ya Maore ya 2017 ilipata watu 256,518, karibu nusu yao raia wa kigeni, wengi wao Wakomoro.

Serikali ikiendelea kupanga kwa wastani wa nchi itakosea. Nzwani ndiyo ya kutangulizwa, na kazi ianzie kwenye chemchemi na misitu michache iliyosalia juu milimani.