Kuingia si Kuelewana

Mtoto wa dada yangu aliingia kibandani mwangu na kifurushi kwapani, kimezongwa gazeti na selotepu kama samaki wa kupelekwa ugenini. Kilikuwa kimetoka Nairobi kwa basi la usiku hadi Migori mjini, kisha kikapakiwa pikipiki hadi hapa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. "Mama mdogo," akasema hata kabla ya kuketi, "nimepata kali kuliko zote." Akakifungulia juu ya meza ninayotengenezea simu. Ndani mlikuwa na kadi ya grafiki, Radeon RX 580, yenye feni mbili, nzito kama tofali.

Nikamwuliza ataichomeka wapi. Akanyoosha kidole pembeni, kwenye kompyuta niliyokuwa nimemwekea. "Si ile pale?"

Ile pale ni Dell OptiPlex 9020, mtambo wa ofisini uliokwisha kazi yake ng'ambo ukaletwa Kenya kuanza maisha ya pili. Mimi huzinunua Nairobi mbili tatu kwa mpigo, nikauzia shule na saiba. Nilikuwa nimempa kwa shilingi 14,500 kwa sababu ni mwanangu. Yeye alikuwa na 30,000, mgao wake wa mawe baada ya miezi ya kushuka shimoni, na alitaka kompyuta ya kuchezea GTA V na mpira. Kumbe 12,000 tayari amezimaliza kwa kadi, bila kuniuliza.

Niliishika, nikaigeuza, nikatafuta kitu kimoja tu: tundu la waya wa umeme. Lilikuwa pale ukingoni, pini 8. Nikafungua kasha la Dell, nikamwambia, "Haya, nionyeshe waya wa kuingia hapa." Alitafuta dakika nzima. Haupo.

Wati kabla ya sifa

Wanaochimba huku Osiri wanalijua jambo hili kuliko mimi. Hakuna anayenunua ndoo kubwa kabla ya kujua kamba na winchi vitainua uzito gani. Ila kijana akishika simu kutafuta kompyuta ya michezo, huanza na ndoo: anauliza kadi ipi ni kali, kisha anatafuta pa kuitundika.

Mimi huanza na pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Ubavuni pana kibandiko kinachotaja wati. La Dell hii ya umbo la mnara ni wati 290. Tukachukua kalamu. Prosesa yake, Core i5-4590, imepimwa wati 84. Diski, feni na ubaomama tukavikadiria 30. RX 580 peke yake inakula kama wati 185. Jumla, 299. Tumeshapita, na hatujaacha hata wati moja ya akiba.

"Si ninunue saplai kubwa?" akauliza. Swali zuri, ila kampuni zinazotengeneza kompyuta za ofisi huwa na desturi zao. Saplai za kawaida za madukani hutia umeme kwenye ubaomama kwa plagi ya pini 24. Dell 9020 ina plagi ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1, mtambo mwingine unaouzwa sana Kenya, ina ya pini 6. Adapta za kugeuza zipo, lakini sasa unanunua saplai, unanunua adapta, na kasha lenyewe huenda lisiipokee. Bei nafuu iliyokuvutia imeyeyuka.

Na mkononi mwake kulikuwa na historia nyingine. Kadi ile ilitoka kwa watu waliokuwa wakichimba sarafu za kidijitali. Kwa miaka kadhaa kadi kama RX 580 zilifungwa nane, kumi pamoja, zikapigishwa hesabu usiku na mchana kuchimba Ethereum. Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake, uchimbaji wake kwa kadi ukafa siku hiyo, na kadi zikamiminika sokoni kwa bei ya kutupa. Nilipomweleza, akacheka hadi akashika mbavu: "Kwa hiyo hii ni mchimbaji mwenzangu!" Nikamwambia ndiyo, na kama wewe, imevuta vumbi na joto jingi. Inaweza kuwa nzima kabisa. Ila feni zake zikaguliwe kwanza.

Tuliiuza kwa mtu wa Kisumu mwenye mtambo unaoiweza, kwa 10,000. Zile 2,000 zilizopotea nikamwambia aziandike ada ya shule.

Kadi inayokula mezani pa wenyeji

Tundu refu la ubaomama ambamo kadi ya grafiki huchomekwa lina uwezo wa kutoa wati 75 lenyewe, bila waya wa ziada. Kwa mwenye mtambo wa ofisi, hiyo 75 ndiyo mpaka wa shamba lake. Atafute kadi inayoishi ndani ya mpaka huo na isiyo na tundu la waya ukingoni.

Zipo. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya GB 4, ni mojawapo. GTX 1650 ya 2019 ina nguvu zaidi, ingawa baadhi ya matoleo yake yamewekewa tundu la pini 6, kwa hiyo angalia picha ya ukingo wake kabla ya kutuma pesa. GT 1030 inakula wati 30 tu, ila zipo mbili zenye jina hilohilo: yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4, na hii ya pili ni dhaifu mno. RX 6400 ya 2022 inakula 53. Hiyo hutumia njia nne tu za kupitishia data, na kwenye ubaomama wa zamani njia hizo ni nyembamba, ikapoteza mbio.

Pima pia kasha. OptiPlex 9020 ilitoka kwa maumbo manne. Mnara unapokea kadi ya kimo cha kawaida. Lile dogo jembamba linalolazwa chini ya kioo linataka kadi fupi yenye bati fupi la mgongoni. Madogo zaidi ya hapo hayana tundu la kadi kabisa. Wengi huku huliita kasha lolote "sipiyu" na kuliagiza kwa jina hilo. Ukiagiza hivyo, utaletewa yoyote.

Tukachagua 1050 Ti iliyotumika, shilingi 8,500, kutoka duka moja la Luthuli Avenue. Nilimtuma jamaa akaione ikiwaka kabla ya kulipa. Huku mnunuzi wa dhahabu hatazami rangi pekee, kwa sababu shaba nayo hung'aa. Kadi nazo zina shaba yake: wapo waliochukua kadi kuukuu za miaka ya 2010, wakazibadilisha maandishi ya ndani ili zijiite 1050 Ti. Windows inadanganyika. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, huzitambua kadi bandia nyingi za aina hiyo na kuziandika wazi kwamba ni feki. Dakika mbili dukani, na pesa yako imepona.

Pini zilezile, lugha nyingine

Kosa la mtoto wa dada yangu lilikuwa jepesi kuliona, kwa sababu waya haukuwepo. Yanayouma ni yale ambayo kila kitu kinaingia vizuri, kinabana, halafu hakiwaki.

Chukua prosesa. Kila kizazi kina soketi yake kwenye ubaomama. Prosesa za Intel za kizazi cha 4, kama ya mtambo wetu, hukaa kwenye soketi ya LGA1150. Za kizazi cha 2 na cha 3 hukaa LGA1155. Haziingiliani, na hilo angalau macho yanaliona. Lakini kizazi cha 6 na 7, kisha cha 8 na 9, zote zinatumia soketi ya LGA1151. Jina moja, idadi moja ya pini. Mwaka 2017 Intel ilibadili kazi za baadhi ya pini na kudai chipseti mpya, na ubaomama wa kizazi cha 6 hauiwashi prosesa ya kizazi cha 8. Kuna mteja aliyewahi kunijia na prosesa ya kizazi cha 8 mfukoni, ameifunga kwa leso. Ilibaki kwenye leso.

AMD walikuwa wapole zaidi. Soketi yao ya AM4 ilibeba Ryzen za kwanza za 2017 hadi za mfululizo wa 5000. Hata hapo, ubaomama wa B450 uliotoka kiwandani zamani hautaijua Ryzen ya 5000 mpaka baiosi yake isasishwe. Mwulize muuzaji kama ameisasisha. Kisha soma herufi za mwisho wa jina. Kwenye AM4, Ryzen isiyo na G haina grafiki yake yenyewe. Kwa Intel ni kinyume: yenye F ndiyo isiyo nayo. Asiyejua hilo huunganisha kila kitu, kisha anatazamana na kioo cheusi.

RAM nayo. Kijiti cha DDR3 kina pini 240, cha DDR4 kina 288, na pengo la chini limewekwa mahali tofauti ili usikosee. Mtambo wetu ni wa DDR3. Ulikuja na vijiti viwili vya GB 4, tukaongeza viwili vingine kama hivyo kwa 1,200, tukafika GB 16. Viwili viwili ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu prosesa inachota kwa mikono miwili. Ila tahadhari na RAM ya seva. Inauzwa rahisi, ina pini 240 zilezile na pengo palepale, inaingia ikalia "ta". Kompyuta ya mezani haiielewi. Ukiona kibandiko chenye maneno ECC REG, iache hapo ilipo.

Ndiyo maana ninawaambia vijana: kuingia si kuelewana. Ulizia mtambo wenyewe, kwa jina na namba yake kamili, unapokea nini.

Kioo cha saiba

Kioo tulikuwa nacho, cha bure, kutoka saiba iliyofungwa. Kina tundu la VGA pekee, lile la rangi ya bluu lenye skrubu mbili. GTX 1050 Ti haitoi VGA. Inatoa HDMI, DisplayPort na DVI isiyobeba mawimbi ya kizamani. Waya mtupu wa kuunganisha hausaidii. Inatakiwa adapta yenye chipu ya kutafsiri ndani, na tuliipata kwa 500. SSD ya GB 240 ilikuwa 2,500, usafiri 600. Jumla yote 27,800. Kwenye zile 28,000 zilizobaki baada ya "ada ya shule", zikarudi 200, tukanywa soda.

Mwenye pesa zaidi kidogo ningemshauri njia nyingine: Ryzen 5 5600G kwenye ubaomama wa AM4, vijiti viwili vya DDR4 na saplai ya kawaida ya pini 24. Acheze na grafiki ya ndani kwanza, kadi aiongeze akipata. Atakuwa na mtambo unaokua. Pia ajue kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi cha 4. Mtambo wa mtoto wangu unacheza GTA V vizuri tu, ila michezo mipya yenye walinzi wakali dhidi ya wadanganyifu inaweza kuukataa mlangoni.

Na akiwa jirani na karasha kama sisi, ahesabu umeme wa ukutani pia. Mota ya karasha ya kusagia mawe ikiwaka, taa zangu zinafifia. Nimemkopesha UPS yangu ya zamani. Saplai za bei rahisi zenye swichi nyekundu nyuma ninazikagua mara mbili: Kenya umeme ni volti 240, na ukiiacha swichi kwenye 115, utasikia mlipuko mmoja tu.

Mwezi wa pili alirudi mbio, kasha mgongoni. Haliwaki. Taa ya kitufe inapepesa rangi ya chungwa. "Mama mdogo, kadi imekufa." Alikuwa tayari amepiga hesabu ya kununua nyingine.

Nilifungua. Vumbi la karasha lilikuwa limetanda humo kama unga. Nikalipangusa kwa brashi, nikachomoa vijiti vya RAM, nikamwonyesha yale meno madogo ya manjano chini yake. Ni dhahabu, utando mwembamba wa kuzuia kutu. Aliyatazama kwa jicho la kazi yake, akauliza ni gramu ngapi. Nikacheka. Nikatoa kifutio cha penseli, cha shilingi 10, nikayasugua taratibu pande zote mbili, nikavirudisha.

Ikawaka. Akakiomba kile kifutio, akakitia mfukoni, akabeba kasha lake.